Nikihama Labour, kura yangu nitakuwa nimeitupa?

"Mwalimu shikamoo. Mimi mtu wa Tanga, niko Leicester huku Uingereza mwaka wa kumi na moja sasa, nafanya kazi kwenye ghala la mizigo, shifti za usiku. Pasi yangu bado ya Tanzania manake uraia pacha kwetu hakuna, ila ruhusa ya kuishi moja kwa moja nimeshapata. Tangu nianze kupiga kura huku napigia Labour, kaka aliyenipokea aliniambia hicho ndo chama cha watu wa kazi ngumu, na chama chetu cha wafanyakazi kinakichangia hela. Sasa pale kazini kila mtu ana lake. Jamaa mmoja wa Coalville, babake alikuwa mchimba makaa ya mawe, anasema Reform, kile chama cha Nigel Farage kinachotaka wageni wapungue. Binti mmoja wa ejensi anasema Greens, wale wa mazingira. Mzee wa Kigujarati aliyezaliwa Jinja anasema yeye ni Conservative na hajifichi. Mimi Labour nimewachoka, kodi ya nyumba inapanda mshahara uko palepale, lakini nikihama si ndo naitupa kura? Na mtu kama mimi asiye raia nikimpigia asiyetakiwa haiwezi kuniletea shida kwenye makaratasi? Jimbo langu ni Leicester East."

Marahaba mwanangu, na pole na hizo shifti. Swali lako nimelisoma mara mbili manake ndani yake umefunga maswali matatu kwenye kanga moja: kama unaruhusiwa, kama kura nje ya vyama vikubwa inaharibika, na kama kipo chama kingine kitakachomfaa mtu anayetoka nyumbani wenzake wanapolala. Hilo la kwanza nalimaliza haraka kwa sababu naona ndo linalokukosesha raha.

Unaruhusiwa, tena kabisa. Wanaopiga kura ya ubunge Uingereza ni raia wenyewe, raia wa Ireland, na raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi kule kihalali, wakiwa na miaka 18 na kuendelea. Tanzania imo, Kenya imo, Uganda imo, Rwanda nayo imo tangu ilipojiunga 2009. Mkongo au Mrundi mwenye karatasi kama zako kura ya ubunge hana mpaka achukue uraia, ingawa akiishi Scotland au Wales anaruhusiwa kuchagua bunge la kule na madiwani. Kwa hiyo usimwambie jirani yako Mkongo "twende tukajiandikishe wote" kwa kuona wote mnaongea Kiswahili, kujiandikisha kwa kudanganya uraia ni kosa la jinai na hilo ndo linaloweza kuharibu makaratasi ya mtu. Wewe kura yako ni siri, na ofisi ya uhamiaji haipelekewi orodha ya nani kampigia nani. Hakuna "asiyetakiwa" pale.

Sasa tuje kwenye kutupa kura. Nchi ile inachagua wabunge kwa mtindo ambao sisi tuliachiwa na wao wenyewe, jimbo moja mbunge mmoja, anayeongoza kabeba hata kama hajafika nusu, waliobaki wanarudi nyumbani mikono mitupu. Hakuna mahali kura za nchi nzima zinapokusanywa zikagawiwa viti. Yaani hakuna uchaguzi mmoja, kuna chaguzi 650 zinazofanyika siku moja, na wewe unashiriki mmoja tu. Watu wakisikia kwenye taarifa ya habari "Reform wana asilimia fulani" wanadhani ndo mchezo wenyewe, kumbe mchezo uko jimboni kwako.

Ukitaka kuona mtindo huu ulivyo na vituko angalia Julai 2024. Labour walipata asilimia 33.7 ya kura wakaondoka na viti 411, karibu theluthi mbili ya bunge. Reform walipata kura kama milioni 4.1, asilimia 14 na kitu, wakapewa viti vitano. Liberal Democrats, chama cha katikati, walipata kura chache kuliko Reform, kama milioni tatu na nusu hivi, viti 72. Hapana wizi hapo. Kura za Liberal Democrats zimekusanyika sehemu chache kama sukari chini ya kikombe, za Reform zilienea nchi nzima kama chumvi kwenye bahari. Mwaka 2015 ilikuwa vilevile, UKIP, chama kilichotaka Uingereza ijitoe Ulaya, walikusanya kura karibu milioni 3.9 wakapata kiti kimoja cha Clacton, na chama cha Scotland, SNP, kwa kura kama milioni moja na nusu wakabeba viti 56. Na 1983 palikuwa na muungano wa Liberals na SDP uliopata asilimia 25 wakati Labour wana 27, mtu angesema wako bega kwa bega, lakini viti vilikuwa 23 kwa 209.

Kwa hiyo anayekwambia ukitoka kwenye vyama viwili umetupa kura anasema kitu kilichokuwa kweli kwa miaka mingi. Ila kilikuwa kweli kwa sababu moja tu, kwamba kwenye majimbo mengi wa kwanza na wa pili walikuwa Labour na Conservative. Hiyo sababu ikiondoka na ule ukweli unaondoka nao. Hapo ndo wengi wanapojichanganya, wanauliza "chama hiki ni kikubwa?" badala ya kuuliza "hapa kwangu nani ni wa kwanza na nani anamfuata?"

Na wewe una bahati ya kuishi mji ambao naweza kuutumia kufundishia darasa zima. Leicester ina majimbo matatu, na usiku mmoja wa 2024 yametoa majibu matatu. Leicester West Labour wakabaki. Leicester South mbunge wa Labour, Jonathan Ashworth, alikuwa pale tangu 2011, uchaguzi wa kabla yake alishinda kwa tofauti ya zaidi ya kura 22,000, watu wanamtarajia awe waziri kesho yake, akaangushwa na mgombea binafsi Shockat Adam kwa kura 979. Hasira za Gaza zilikuwa kubwa sana pale, lakini sikiliza watu wenyewe wa South utasikia pia nyumba, hospitali na kudharauliwa. Waliompigia huyo mgombea binafsi waliambiwa na wangapi kwamba wanatupa kura? Kura zao ndo zilizoamua.

Halafu ruka barabara uje kwako, Leicester East. Labour walikuwa na kiti hicho tangu 1987. Mwaka 2024 pale wakajitokeza watu wawili waliowahi kuwa wabunge wa Labour wa jimbo hilohilo, Claudia Webbe na Keith Vaz, kila mmoja kivyake, na mgombea rasmi wa Labour yuko pembeni anaomba kura kwa watu walewale. Vita vya panzi furaha ya kunguru. Shivani Raja wa Conservative akapita akiwa na chini ya theluthi moja ya kura, na nchi nzima usiku ule hicho ndo kiti pekee ambacho Conservative walikitwaa kutoka Labour, wakati chama chao kinabomoka kila mahali. Kura za hao wawili ukizijumlisha na za Labour zinampita mshindi kwa maelfu. Sisemi zote zingekwenda Labour, zingine zisingepigwa kabisa, na tayari miaka kadhaa nyuma Wahindi wengi wa pale walishaanza kuondoka Labour taratibu, huyo mzee wako wa Jinja hajaanza jana. Lakini umeona mwenyewe, mji mmoja, hasira moja, South ikaleta mtu mpya na East ikamwingiza yule ambaye waliokasirika wengi hawakumtaka. Tofauti yake ni kwamba South hasira zilienda kwa mtu mmoja, East ziligawanyika kwa wanne watano.

Kwa hiyo jibu langu kwako kuhusu kutupa kura ni kwamba inategemea mwaka huo jimboni kwako upinzani umejipangaje, na hilo huwezi kulijua leo, utalijua wiki chache kabla. Uchaguzi mkuu unaweza kuchelewa mpaka Agosti 2029, una muda. Katafute matokeo ya jimbo lako ya 2024, uyaandike kwenye karatasi, halafu kila panapofanyika uchaguzi wa diwani mtaani kwako angalia nani kapanda. Tahadhari na vile vipeperushi vyenye michoro ya nguzo vinavyosema "hapa sisi pekee ndo tunaweza kushinda". Vyama vyote vinavichapisha, na nguzo mara nyingi zimechorwa kwa urefu wanaoutaka wao.

Kuna jambo lingine ambalo watu hawaelezwi. Mtindo huu unakibana chama kipya mpaka kifike kiwango fulani, hapo ubao unageuka ghafla upande wake. Chama chenye asilimia 14 zilizosambaa kinaambulia makombo, chenye asilimia 30 zilizosambaa vilevile, wakati wapinzani wake wamegawanyika, kinaweza kuzoa kila kitu. Tumeanza kuliona hilo. Mei 2025 Reform walichukua kiti cha Runcorn and Helsby kutoka Labour kwa tofauti ya kura sita. Sita, mwanangu, hiyo ni familia moja iliyochelewa kuamka. Siku hiyohiyo wakachukua halmashauri kumi, mojawapo ni Durham, kaunti ya migodi ambako Labour walianza kutawala mwaka 1919, Reform wakapata viti 65 kati ya 98 na Labour wakabaki na vinne. Oktoba mwaka huohuo uchaguzi mdogo wa bunge la Wales kule Caerphilly, bonde la makaa ya mawe, Labour waliokuwa wanaliona ni shamba lao la urithi kwa karne nzima wakapata asilimia 11, ila hapo aliyeshinda hakuwa Reform, alikuwa Plaid Cymru, chama cha kizalendo cha Wales, kwa sababu watu walitazama wakaona ndiye anayeweza kuwazuia Reform wakamjazia yeye. Watu wa kawaida kabisa, wapiga hesabu jikoni.

Umesema kaka yako alikwambia Labour ndo chama cha watu wa kazi ngumu. Hapo nataka nikurudishe nyuma kidogo, manake watu wanaongea kama vile Labour iliumbwa pamoja na mto Thames. Mwaka 1900 Labour ndo ilikuwa chama mbadala, kakikundi cha vyama vya wafanyakazi na wajamaa waliokutana ukumbini London mwezi Februari. Wafanyakazi wengi waliokuwa na kura walikuwa wanapigia Liberals, na waliambiwa maneno yaleyale unayoambiwa wewe, msigawe kura mtawaingiza Conservative. Kilichowasukuma ni kesi ya Taff Vale ya 1901, mahakama ilipoamua chama cha wafanyakazi kinaweza kudaiwa fidia na kampuni ya reli kwa sababu ya mgomo. Wakaona bila watu wao bungeni wamekwisha. Sasa hapa pana kitu wanaopenda hadithi za ushujaa hawapendi kukisema: hawakuingia kwa ushujaa mtupu. Mwaka 1903 walikubaliana kimyakimya na Liberals waachiane baadhi ya majimbo, na 1906 wakapata wabunge 29. Kushika serikali yenye wingi wa viti walisubiri mpaka 1945. Miaka 45. Anayekwambia chama chake kipya kitageuza nchi uchaguzi ujao muulize amekaa kwenye foleni ya nani.

Je, bado ni chama cha watu wa kazi? Kwa hela, kwa sehemu ndiyo, vyama vikubwa vya wafanyakazi kama Unite, GMB, Unison na Usdaw vimefungamana nacho. Lakini tafadhali tofautisha, kadi yako ya chama cha wafanyakazi haikufungi kumpigia yeyote. Ina mfuko wa siasa ndani yake, na una haki ya kujitoa kwenye mfuko huo ukabaki mwanachama kamili, mwakilishi wa kukutetea ukiitwa ofisini unampata vilevile. Vipo vyama vilivyotoka Labour kabisa na maisha yanaendelea, waoka mikate walijitoa 2021. Na kule Birmingham 2025 wazoa taka wa Unite waligoma miezi na miezi dhidi ya halmashauri iliyokuwa inaongozwa na Labour, mafuta na maji kwenye chungu kimoja.

Kwa sura, hapana. Mwaka 1979 karibu mbunge mmoja kati ya sita wa vyama vikubwa alikuwa ametoka kwenye kazi za mikono, 2015 walikuwa watatu tu katika kila mia. Migodi ilifungwa, viwanda vikafungwa, vyama vya wafanyakazi vilivyokuwa na watu zaidi ya milioni 13 mwaka 1979 leo havifiki nusu ya hapo. Zamani kijana wa Coalville alikuwa anaanzia shimoni, anakuwa kiongozi wa tawi, anakuwa diwani, anafika bungeni. Hiyo ngazi ilivunjwa vidato vyote. Aliyebaki juu anatoka chuo kikuu anakwenda kuwa msaidizi wa mbunge halafu naye mbunge. Na viongozi kwa miaka mingi walijiaminisha kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, watu hawa watanung'unika lakini watarudi. Wengine hawakurudi. Wengine waliacha hata kwenda kituoni, mimi naona hicho ndo chama kikubwa kuliko vyote kwa watu wa kazi Uingereza, chama cha waliobaki nyumbani. Jimbo la Manchester Rusholme 2024 walijitokeza asilimia 40.

Hapo nisahihishe na hili la jamaa wa Coalville. Ukisoma magazeti utadhani kila mzungu wa ghalani alikuwa Labour jana na Reform leo. Wapo, lakini 2024 wengi wa waliopigia Reform walikuwa wametokea Conservative, baadhi yao wakiwa wamehamia huko kutoka Labour 2019 kwa ajili ya Brexit au hata kabla ya hapo. Safari ya mtu kama huyo mara nyingi ni ndefu, Labour kwa urithi, halafu kukaa nyumbani, halafu kura ya kujitoa Ulaya 2016, halafu Conservative, na sasa Reform. Lee Anderson mbunge wa Ashfield yeye mwenyewe alikuwa mchimba makaa, akawa diwani wa Labour, akawa mbunge wa Conservative, sasa ni Reform. Ukimwona mwenzako hivyo utaacha kumchukulia kama adui aliyezuka, ni mtu anayetafuta mlango kwa muda mrefu.

Haya, vyama vyenyewe. Nitasema ninavyoviona mimi, na wewe si lazima ukubali.

Reform wanaongea lugha ya hasira vizuri kuliko wote, na si yote ni wageni wageni tu. Mei 2025, kabla Labour hawajafanya hivyo, waliahidi kufuta kikomo cha posho cha watoto wawili, ingawa baadaye walirudi nyuma, na wanaongelea viwanda vya chuma kuwa vya umma. Lakini tazama mikono yao inapopanda bungeni. Muswada wa haki za wafanyakazi uliopitishwa kuwa sheria Desemba 2025 wao waliupinga, na humo ndimo yalimo malipo ya ugonjwa kuanzia siku ya kwanza badala ya kusubiri siku ya nne, kitu ambacho mtu wa ghalani anakijua maana yake. Na kwako wewe binafsi kuna kubwa zaidi, Septemba 2025 walisema wakishika serikali watafuta ile ruhusa ya kuishi moja kwa moja, hata kwa waliokwisha kuipata, muwe mnaomba visa upya. Jamaa wa Coalville hilo halimgusi. Wewe uliyekataa uraia wa Uingereza ili usipoteze wa Tanzania linakugusa mpaka mifupa. Sikutishi, ni ahadi ya chama na bado haijawa sheria, ila ungeniuliza kazi ukiwa na pumu nisikwambie iliyo na vumbi ningekuwa mwalimu gani.

Greens kwenye karatasi wako karibu na mfuko wako, kodi kwa matajiri, udhibiti wa kodi za nyumba, kima cha chini kipande. Tatizo lao ni walikotokea. Viti vyao vinne vya 2024 ni Brighton, Bristol, na majimbo mawili ya mashamba, kule Waveney Valley na North Herefordshire, hakuna ghala hata moja kwenye picha. Tangu Zack Polanski achaguliwe kuongoza Septemba 2025 wameanza kuongea bei ya umeme na kodi ya nyumba kuliko miti, na wanapanda. Kama watafika Leicester East sijui, utaona kwenye kura za madiwani. Kile cha Jeremy Corbyn, aliyewahi kuongoza Labour, na mbunge Zarah Sultana, Your Party, kilianza na watu wengi na matumaini mengi halafu viongozi wakagombana hadharani juu ya uandikishaji wa wanachama na jina lenyewe likathibitishwa Novemba 2025 tu. Nimeona harakati nyingi za namna hiyo, sizidharau, lakini kabla sijamkabidhi mtu kura yangu nataka nione kama anaweza kukodi ukumbi na kugawa viti bila kupigana. Wagombea binafsi wanaweza kuwa bora kuliko wote au wakawa watu wa jina moja tu, muulize kodi ya nyumba atafanya nini, akirudi kwenye hotuba ileile ya jana umepata jibu.

Na Labour usiwafute kwa kuwachoka tu. Waliwanyang'anya wazee pesa ya kupashia nyumba joto 2024, mwaka uliofuata wakairudishia wengi wao kwa aibu. Waliahidi ulinzi dhidi ya kufukuzwa kazi kwa uonevu tangu siku ya kwanza, wakaishusha ikawa baada ya miezi sita, ambayo bado ni bora kuliko ile miaka miwili ya zamani. Hao ndo wao, nusu mkate kwa uso uliokunjamana. Wao pia 2025 walipendekeza wageni wengi wasubiri miaka kumi badala ya mitano kupata ruhusa ya kudumu, ingawa walisema waliokwisha kuipata hawaguswi. Ndugu zako waliokuja juzi kulea wazee hilo linawahusu sana. Yapo ya kupigania ndani ya chama pia, kuteua mgombea kwa mfano, na huko kura moja ina uzito kuliko kituoni kwa sababu wanaojitokeza ni wachache.

Kukaa nyumbani je? Nakuelewa anayechoka, ila wanasiasa wanapopanga nani wa kuhudumiwa wanatazama daftari la waliojitokeza. Mtaa usiopiga kura haumtishi mtu. Hata karatasi uliyoiharibu kwa makusudi inahesabiwa kwenye zilizoharibika, ya kitandani haihesabiwi popote.

Ungekuwa unaniuliza barazani na kahawa mkononi ningekwambia hivi. Kwenye udiwani jiachie, mpigie unayemwamini kweli, pale hatari ni ndogo na ndipo vyama vipya vinapojifunzia kazi. Kwenye ubunge wa East, ambako 2024 Conservative alipita katikati ya waliogawanyika, subiri mwishoni, tazama wawili walio juu, na jiulize kati yao nani hutaki kabisa aingie. Ukiona hakuna wa kuzuiwa, mpigie wa moyo wako hata kama ni wa nne, kura hizo ndo zinazomfanya awe wa pili kesho.

Yapo mambo ambayo hutakiwi kunitegemea mimi wa mbali. Makaratasi ya uhamiaji nenda kwa mwanasheria aliyesajiliwa kwa kazi hiyo, umuulize uso kwa uso kama kuna haja ya kufikiria uraia na utapoteza nini Tanga, shamba, urithi, yote. Usichukue ushauri huo kwenye grupu la WhatsApp, watu wamelia. Kama huna uhakika jina lako liko kwenye daftari la wapiga kura piga simu ofisi ya uchaguzi ya halmashauri yako, ni huduma ya bure na hawakuulizi unampigia nani. Kodi ya nyumba ikikuzidia nenda Citizens Advice, shirika la ushauri wa bure, mapema, usingoje barua ya kutolewa. Na mbunge wako, hata kama hukumpigia, ana siku za kukaa kusikiliza watu wa jimbo, wa chama chochote, nenda na barua zako mkononi.

Kwa shifti zako omba kura ya posta kabisa, vituo vinafungwa saa nne usiku na najua saa hizo uko wapi. Ukiamua kwenda mwenyewe chukua kitambulisho chenye picha, siku hizi bila hicho hupewi karatasi. Pasi ya Tanzania inakubalika, hata iliyoisha muda wake, mradi sura iliyomo bado inafanana na yako.